Bi Mkubwa Niliyemwacha kwa Kidole Gumba

Wasomaji wangu, kosa ni langu. Nalisema mwanzo kabisa, msije mkasema Hafidh anazunguka mbuyu. Alkhamisi ile, saa nne kasorobo asubuhi, nilimwacha mke wangu kwa kidole gumba.

Si kwa mdomo. Si kwa karatasi. Kwa kidole gumba hiki hiki ninachomenyea machungwa.

Na mke mwenyewe sikuwa nimemkusudia. Au nilimkusudia kidogo. Hapo kwenye hilo "kidogo" ndipo penye kesi yangu, na leo naileta kwenu kama ilivyo.

Kwa asiyenisoma wiki iliyopita, nimsimulie kwa ufupi. Mie ni fundi wa komputa wa jumuiya yetu ya wakulima wa viungo. Makao makuu Gombani, matawi Kengeja na Shumba. Diploma yangu ina miaka ishirini na mbili, mchwa washaonja pembe moja. Mke wangu Ruweida yuko ofisi hiyo hiyo, masjala. Basi likaja agizo kutoka Unguja: njia ya zamani ya komputa kupeana mafaili, inaitwa SMB ya kwanza, izimwe kwenye mashine zote, maana virusi vinapita humo kama panya kwenye paa la makuti. Na pamoja na agizo wakatuletea Fahmi.

Degree. Miaka ishirini na tisa. Meno yote.

Wiki ile niliungama pia kwamba niliambiwa nimwandikie Fahmi orodha ya kila mashine inayotumia njia ile, nami kwa wivu nikaiacha moja. Dubwana. Lile fotokopi kuukuu la masjala, linalopiga picha fomu za wakulima na kuzituma kwenye komputa ya mke wangu. Dubwana halijui njia nyengine ila ile ya zamani. Nilitaka Fahmi aizime, Dubwana ligome, aibu imshuke.

Jumatatu akaizima njia ile kwenye komputa ya masjala. Dubwana likagoma. Nikaisubiri aibu yake kama mtu anayesubiri mwezi wa Idi.

Haikuandama.

Kitu kimoja bado hamjakijua: jina la Bi Mkubwa. Siku ya kuwafahamisha wafanyakazi, mie ndiye niliyesimama mbele. Nikawaambia, "Jamani, SMB ya kwanza ni kama ule upenyo wa uani baina ya nyumba na nyumba. Jirani anapita kuja kuomba chumvi, hapigi hodi, haulizwi jina. Zamani sote tukijuana. Leo na mwizi anapita humo humo. Hii mpya ina mlango, ina komeo, na mazungumzo yake hayasikiki barazani."

Mkurugenzi wetu, Bi Mwatum, akauliza, "Kwa hiyo ile ya zamani ndo Bi Mkubwa, na hii mpya Bi Mdogo?"

Ukumbi ukalala kwa kicheko. Toka siku ile hakuna aliyesema SMB tena. Ikawa, "Fundi, kwenye komputa yangu ushamwacha Bi Mkubwa?" Nami nawajibu, "Bado, leo namfungishia vyombo."

Mzaha ule niliupenda kama mwanangu wa kumzaa. Mpaka Fahmi alipoanza kuusema yeye, na watu wakacheka zaidi.

Basi Alkhamisi. Nafika ofisini, natupa jicho masjala. Fahmi kakaa kwenye meza ya mke wangu. Siku ya tatu hiyo.

Nikamuuliza Bi Kazija, mpishi wetu wa chai, "Komputa moja, siku tatu?"

"Labda ina maradhi mazito."

"Mie nikiitibu dakika kumi."

"Basi ndo maana haikupona," akasema, akanipita na sinia.

Kwenye sinia mlikuwa na chai na ukoko wa mkate wa kumimina. Nifahamuni vizuri hapa. Ukoko ule ulikuwa wangu. Miaka kumi na moja Bi Kazija ananibandulia chini ya sufuria, ananifunikia kisahani. Asubuhi ile nauona unakwenda masjala.

"Bi Kazija! Na ukoko?"

"Mgeni kwanza, baba."

"Mgeni wa miezi miwili?"

"Mgeni ni mgeni mpaka aoe."

Mpaka aoe! Neno likanikwama kooni kama mwiba wa changu.

Na kabla halijashuka, nikasikia kicheko.

Ruweida ana vicheko viwili. Kimoja cha watu, kakifunika na mtandio. Cha pili kinaanza puani, kinasita, halafu kinaripuka, na yeye mwenyewe anajipiga paja. Hicho cha pili nilijua ni changu peke yangu. Miaka kumi na tisa ya ndoa hakijavuka kizingiti chetu. Sasa nakisikia masjala, ofisini, mchana kweupe.

Nikaingia. "Asalaam alaikum. Mnacheka nini, na sie tucheke?"

Wakanyamaza. Wote wawili, kwa pamoja, kama redio iliyochomolewa.

"Hakuna kitu, Baba Duni," akasema Ruweida. Duni ndo mwanetu wa kwanza.

"Shikamoo, kaka," akasema Fahmi.

Kaka. Ofisi nzima inaniita fundi, yeye ananiita kaka. Mtu akikuita kaka, dada yake ni nani?

Ruweida akainuka kwenda kabatini kuchukua faili. Simu yake akaiacha mezani, iko wazi. Mie jicho langu mnalijua, halijawahi kupitwa na kitu. Juu pameandikwa "Fahmi IT". Chini yake maneno ya mke wangu:

"Hafidh asijue. Tumalize kabla ya Jumatatu."

Na jibu: "Usijali dada. Siri yetu."

Nilitabasamu. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma, nikatoka.

Ilikuwa imebaki komputa moja tu katika thalathini na moja, ya Bi Mwatum mwenyewe. Nikaenda nikakaa. Nikafungua pale panapohusika, nikaondoa tiki, mashine ikaniuliza kama niiwashe upya. Nikakubali. Ikazimika. Nikabaki naitazama sura yangu kwenye kioo cheusi. Mzee wa miaka arubaini na nane, kipara kinang'aa, ukoko hana.

Nikatoa simu niwatangazie kwenye grupu la ofisini kwamba kazi imekwisha. Na hapa, wasomaji wangu, shetani alikuwa kakaa begani kwangu kajiegemeza. Nikaandika hivi:

"Asalaam alaikum. Kuanzia leo nimemwacha Bi Mkubwa. Kazeeka, mlango wake hauna komeo, kila mpita njia anaingia. Talaka tatu, harejewi. Nipo kwa Bi Mdogo. Asiyeridhika aende kwa mkurugenzi."

Nataka kusema kweli yangu. Mengi katika hayo niliwaandikia wafanyakazi. Lile la mlango na mpita njia nililiandikia meza moja ya masjala. Nilitaka walisome pale walipo, wakiwa wamekaa karibu karibu, liwaingie.

Nikabonyeza.

Nikatega sikio kusubiri kicheko. Ofisi ile meseji ikiingia husikia simu kumi zinalia kama vifaranga. Hamna. Feni tu. Bi Kazija anakusanya vikombe.

Nikatazama simu vizuri.

Grupu la ofisi linaitwa "Gombani Ofisini". Grupu la kwao mke wangu, alilonitia shemeji yangu Haidar, linaitwa "Shumba Nyumbani". La ofisi huwa liko juu daima. Lakini dakika ile ile ninayotaka kulifungua, mama mkwe wangu, Bi Kijakazi, alikuwa kaweka picha ya mbuzi wake aliyepotea. Grupu la Shumba likaruka likakaa juu. Nami nikaligusa bila kusoma jina.

Juu, mbuzi wa mama mkwe kapotea. Chini yake, mie.

Nikaiminya ile meseji niifute. Simu ikaniuliza: ifutwe kwa wote, au ifutwe kwako peke yako?

Mie ndiye niliyewafundisha ofisi nzima kufuta meseji. Mie, kwa mikono yangu. Nikabonyeza ile ya pili.

Ikafutika. Kwangu. Kwa watu arubaini na wawili wa Shumba ikabaki vile vile, na mie sasa hata kuigusa siwezi tena.

Simu ikalia. Haidar, mdogo wake Ruweida.

"Shemeji."

"Haidar, nisikilize..."

"Ile ya mbuzi nimeifahamu. Hii ya chini yake ndo inanishinda."

"Ni komputa, Haidar."

"Umeoa komputa?"

"Bi Mkubwa ndo komputa! Yaani si komputa yenyewe, ni njia ya komputa, imezeeka..."

"Mama kashasoma, Hafidh. Kasoma mara mbili, ya pili kwa sauti."

"Kasemaje?"

"Kasema, 'Kumbe kuna Bi Mdogo.'"

Nikataka kujibu, mlango ukafunguka. Ruweida kasimama, buibui kashavaa, mkoba begani, simu mkononi.

"Mama Duni, ile meseji si yako."

"Si yangu?"

"Ni ya ofisi."

"Ofisi ndo kila mpita njia anaingia?"

"Unaujua mzaha wa Bi Mkubwa. Ulikuwepo, ulicheka!"

"Nilikuwepo," akasema. "Ule haukuwa na mpita njia."

Mke uliyeishi naye miaka kumi na tisa anajua mkono wako, anajua wapi umeandika kwa kucheka na wapi umeandika kwa kuuma meno.

Nyuma yake nikamuona Fahmi, na nyuma ya Fahmi Bi Kazija, na nyuma yao ofisi nzima. Ruweida hakumtazama yeyote.

"Nambie kitu kimoja, Hafidh. Talaka hii ulipiga hesabu ngapi, tatu?" Hafidh. Miaka yote ni Baba Duni. "Basi eda yangu ntakaa kwetu."

Akatoka. Fahmi akafanya haraka. "Kaka, nimpeleke na gari ya ofisi?"

"Kaa chini weye!" Nilipiga kelele mpaka Bi Mwatum akatoka chumba cha mkutano. Mie, mtu wa mizaha. Hakuna aliyewahi kunisikia vile.

Haidar ndiye aliyenionea huruma. Akanipigia tena jioni ile. "Kesho baada ya sala ya Ijumaa, Shehe Jabir atakuja nyumbani. Njoo useme. Lakini shemeji, njoo na shahidi anayeijua hiyo komputa yako, maana huku hakuna atakayekuamini."

Shahidi wa SMB kisiwani Pemba. Nikahesabu vidole. Nikaanza na kimoja, nikaishia na hicho hicho.

Jamani, kwenda kumuomba unayemuonea wivu aje ashuhudie ndoa yako si kazi ndogo. Nilimfuata chemba, nikamwambia. Hata hakufikiri.

"Nitakuja, kaka."

"Usiniite kaka."

"Nikuite nani?"

Sikujua. "Basi niite kaka," nikasema.

Ijumaa tumesali, nikampakia nyuma ya Honda yangu, safari ya Shumba. Kijana wa mjini, barabara inamtisha, kanikumbatia kiuno. Ninayemhofia kumkumbatia mke wangu ananikumbatia mie.

"Kaka, shimo!"

"Nimeliona."

Tukatumbukia humo humo.

Sebuleni kwa Bi Kijakazi tulikuta mkeka ushatandikwa. Shehe Jabir kakaa, mpole, ndevu nyeupe, juzuu kaiweka pembeni. Haidar kando yake. Bi Kijakazi kwenye kiti chake. Nyuma ya pazia la chumba cha ndani kuna wanawake, na chini ya pazia nikauona mguu wa Ruweida, una hina ya harusi ya juzi ya binamu yake. Nikajua yupo, anasikia.

Chai ikaja. Fahmi akapewa kikombe chenye ukingo wa dhahabu. Kile ndicho nilichonywea mie siku ya posa. Mie nikapewa bilauri ya bati.

"Kunywa, mwanangu," Bi Kijakazi akamwambia Fahmi. Kwangu mie hakusema hata "karibu".

Shehe akaanza. "Bwana Hafidh, huyu Bi Mkubwa umemwacha kweli?"

"Nimemwacha, Shehe. Lakini si mwanamke."

"Ana umri gani?"

"Kazaliwa miaka ya themanini."

"Hirimu moja na mwanangu!" Bi Kijakazi akadakia.

"Kwao wapi?" Shehe akauliza.

Nikajikuta nimeshasema. "Marekani."

"Nzungu!" Bi Kijakazi akashika kifua. "Kaoa nzungu! Na weye Haidar ulijua?"

"Mama, ngoja kwanza," Haidar akasema, midomo inamcheza.

Fahmi akaweka kikombe chini. Akasogea mbele ya Bi Kijakazi, akakaa kitako kwenye mkeka, akasema kwa sauti ya kumbembeleza mtoto mwenye homa, "Bibi, kule ofisini komputa moja inampelekea mwenziwe karatasi. Ile njia ya kupitishia karatasi ya zamani ilikuwa mbovu, wezi wakipita. Tumeambiwa tuifunge, tufungue nyengine. Ile ya zamani watu wameipa jina kwa mzaha, Bi Mkubwa. Kuifunga ndo kuiacha."

"Na Bi Mdogo?"

"Ndo njia mpya."

"Haina miguu?"

"Haina, bibi."

"Haizai?"

"Haizai."

Bi Kijakazi akashusha pumzi. Akanigeukia. "Huyu kanena maneno manne nimefahamu. Na weye mkwe wangu, miaka kumi na tisa, hata kuzima tochi ya simu hujanifahamisha!"

Haidar akashindwa, akacheka. Shehe naye akatabasamu ndani ya ndevu. Hata nyuma ya pazia nikasikia mtu kaguna. Moyo wangu ukapanda. Nikasema yamekwisha. Nikafikia hata kuinyanyua bilauri yangu ya bati.

Shehe Jabir akasema, "Alhamdulillahi. Komputa imefahamika. Sasa mwanangu, talaka haina mzaha, hilo unalijua toka chuoni. Na maandishi yanakwenda na nia. Ulipoandika, moyoni alikuwepo nani?"

"Komputa, Shehe."

"Peke yake?"

"Komputa."

"Na huyu mpita njia anayeingia, naye ni komputa?"

Bilauri nikairudisha chini.

Nje mbuzi akalia. Kapatikana yeye, nikawaza, mie ndo nimepotea.

"Shehe," Fahmi akasema, "nadhani mpita njia ni mimi."

Haidar akaacha kucheka.

"Naomba niseme, na dada Ruweida yupo, nikizidisha anikosoe. Jumatatu nilizima njia ile kwenye komputa yake, na lile fotokopi la masjala likagoma. Sikujua kama linategemea njia ile, halikuwemo kwenye orodha niliyopewa. Fomu za wakulima mia na nne zikakwama. Dada akanifuata. Akaniambia, 'Fahmi, mume wangu kaisahau mashine hii. Bi Mwatum akija kukagua Jumatatu ijayo mume wangu ataandikiwa barua ya onyo. Tuitengeneze kimya kimya, Hafidh asijue.' Tumekaa siku tatu tunazipiga picha fomu moja moja kwa simu zetu."

Hafidh asijue. Tumalize kabla ya Jumatatu.

Nilitamani mkeka ufunguke.

"Nikamwambia," Fahmi akaendelea, taratibu, hanitazami, "dada, fundi wa miaka kumi na moja hasahau mashine iliyo mbele ya meza ya mkewe. Akaniambia, 'Najua hakusahau. Ndo maana nakuomba.'"

Bi Kijakazi akageuka akanitazama. Safari hii bila hasira, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

"Na kicheko?" Nilijikuta nauliza. Mbele ya Shehe! Wivu hauna adabu. "Alkhamisi mlikuwa mnacheka nini?"

Fahmi akababaika. "Alikuwa ananihadithia siku ulipojifungia chooni pale ofisini, ukapitisha simu chini ya mlango ili Bi Kazija amuite fundi, na Bi Kazija akakupigia wewe."

Kile kicheko. Changu. Kilikuwa changu hata pale, kinanicheka mie.

Shehe Jabir akazikuna ndevu zake. "Basi Bwana Hafidh. Hapa pana kiapo. Utaapa kwamba ulipoandika hukukusudia kumwacha mkeo?"

"Naapa. Wallahi, talaka sikuikusudia."

"Na utaapa kwamba hukumkusudia yeye kwa neno lolote katika maneno yale?"

Haidar akanikonyeza. Sema tu, shemeji. Fahmi naye anatazama chini, hatanisuta. Neno moja, na jioni ile ile nampakia mke wangu kwenye Honda narudi naye kwetu.

Nikafungua mdomo. Wasomaji wangu, nimesema uongo mwingi maishani, na mwingi wao ulikuwa mtamu. Huu ulifika kwenye ulimi ukakataa kushuka.

"Hilo siapi, Shehe."

"Kwa nini?"

"Lile la mpita njia nilitaka limchome."

"Limchome nani?"

"Ruweida."

"Limenchoma mwanangu," akasema Bi Kijakazi, taratibu.

Shehe akatikisa kichwa kwa muda. "La talaka nimekusikia, lakini mie si mwenye kauli. Jumatatu tutakwenda kwa Kadhi, aliyeandika atasema, aliyeandikiwa atasema, na yeye atahukumu kama ndoa ipo au haipo. Mpaka hapo, weye lala kwako na yeye alale kwao."

"Naam, Shehe."

"Na Kadhi atamuuliza mwanamke kama anaamini kiapo chako. Akisema haamini, mambo yatakuwa mengine. Kwa hiyo kama una neno naye, mbele yetu sote, liseme sasa. Anakusikia."

Nikageuka kulielekea pazia. Mtu wa maneno mie, mtu wa kuchekesha harusi na matanga. Nikatafuta neno la mzaha la kuanzia, nikakuta hamna kitu.

"Mama Duni," nikasema. "Dubwana sikulisahau. Nililificha. Na weye ulijua, ukanifunika, na mie nikakuvua nguo mbele ya ukoo wako. Sikuombi urudi leo. Nataka kujua kimoja tu. Kiapo changu umekiamini? Useme ndiyo, useme la. Hata ukinitukana ntashukuru."

Tukangoja.

Bi Kijakazi akalitazama pazia. Haidar akalitazama pazia. Fahmi akawa anageuza geuza kofia yake. Nyuma ya pazia mtoto mdogo akauliza kitu, akanyamazishwa.

Tukangoja tena, mpaka Shehe Jabir akachukua juzuu yake, akainuka taratibu kwa magoti yake ya kizee. Haidar naye akainuka. Fahmi akainuka. Mie nikabaki nimekaa kwenye mkeka peke yangu.

"Ruweida," nikaita. Nikataka kuongeza "mke wangu", lakini sikujua kama bado nina haki ya kulisema. "Ruweida, niitikie."